Hukumu Isiyo na Dalali

Anayedai deni Mahakama ya Mwanzo hujifunza mapema kwamba kushinda kesi ni jambo moja na kulipwa ni jambo jingine. Hakimu akishasoma hukumu na mdaiwa akakaa kimya, mdai hurudi masjala kufungua maombi ya kukaza hukumu, na hapo ndipo dalali wa mahakama anapoingia. Anafika na amri mkononi na Canter nyuma yake, anaorodhesha friji, televisheni na makochi, na siku zikipita bila malipo mali hiyo inanadiwa. Sehemu hii ya sheria watu wa kawaida wanaielewa vizuri, pengine kuliko nyingine yoyote, maana inaingia hadi sebuleni. Sheria ya kimataifa ya haki za binadamu haina dalali. Hukumu yake ikishasomwa, hakuna anayekwenda wizarani na Canter. Kwa sababu hiyo watu wengi, wasomi wakiwemo, wameshakata shauri kwamba somo hili ni pambo la vyuo vikuu: linampa kijana maneno mazito na cheti cha kutundika ukutani, na wenye dhiki wanabaki na dhiki yao. Mimi naona wamekosea. Sheria hii inatekelezeka, na imewahi kutekelezwa hapa hapa Afrika. Kinachotuangusha ni kwamba tunaisoma hadi ukurasa wa hukumu kisha tunafunga kitabu, ilhali kazi yenyewe inaanzia hapo, na inafanyika nyumbani: Bungeni, Hazina, katika ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kwenye vyumba vya habari.

Tuanze na hoja ya dalali, kwa kuwa ndiyo inayotajwa kila mara. Inasemwa kwamba sheria isiyo na polisi wa kuisimamia si sheria. Ingekuwa hivyo, basi hata Katiba zetu zisingekuwa sheria. Mwananchi akiishinda Serikali katika Mahakama Kuu ya nchi yake mwenyewe, dalali hana ruhusa ya kugusa gari lenye namba za STK kule Dar es Salaam wala lenye namba za GK kule Nairobi. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, ya Tanzania na ya Kenya vilevile, inazuia mali ya Serikali kukamatwa ili kulipa deni la hukumu. Aliyeshinda hupewa cheti kinachoeleza anachodai, kisha cheti hicho kinapelekwa serikalini na malipo yanasubiriwa. Kenya, fedha zisipotoka, mdai hulazimika kurudi mahakamani kuomba amri inayomlazimisha afisa mhasibu wa wizara kulipa, na akikaidi, kuomba aadhibiwe kwa kuidharau mahakama. Ni safari ndefu, na wako waliozeeka wakiwa njiani. Kwa hiyo tofauti kati ya mahakama ya kimataifa na mahakama ya nyumbani, mdaiwa akiwa ni dola, ni ndogo kuliko tunavyoaminishwa. Pote pawili dola hutii kwa sababu kuna watu ndani yake na nje yake wanaoifanya itii, na swali linalofaa kusomewa ni watu gani hao, wanatumia nyenzo gani, na mbona safari nyingine wanashinda na nyingine wanashindwa.

Kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila inatosha kuwa muhula mzima wa masomo. Mwaka 1993 alifungua shauri Mahakama Kuu, Dodoma, akidai Mtanzania asilazimishwe kujiunga na chama ndipo agombee uongozi. Oktoba 1994 Jaji Lugakingira alimpa ushindi. Kabla mwaka haujaisha Bunge lilikuwa limepitisha Marekebisho ya 11 ya Katiba, na mlango uliofunguliwa na jaji ukafungwa kwa kufuli la Katiba. Mtikila akarudi mahakamani, na Mei 2006 Mahakama Kuu ikampa ushindi wa pili. Juni 2010 Mahakama ya Rufani ikautengua, ikisema suala hilo ni la kisiasa na linapaswa kuamuliwa na Bunge. Ndipo yeye kwa upande wake, na Chama cha Wanasheria Tanganyika pamoja na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kwa upande wao, wakalipeleka Arusha, kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tarehe 14 Juni 2013 mahakama hiyo ikaamua kwamba Tanzania imevunja haki ya raia kushiriki katika uongozi wa nchi yake na uhuru wa kujiunga, ambao ndani yake umo uhuru wa kutojiunga. Ikaitaka Tanzania irekebishe Katiba na sheria zake na kutoa taarifa ya hatua ilizochukua. Mtikila alifariki kwa ajali ya gari tarehe 4 Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu ambao hakuna mgombea binafsi aliyeruhusiwa kusimama. Ukafuata uchaguzi wa 2020, kisha wa 2025, na Ibara za 39 na 67 za Katiba bado zinadai kadi ya chama.

Msomaji ataniuliza kama huo si ushahidi kwamba somo hili halina maana. Hebu tuitazame hukumu yenyewe kwa karibu. Kilichotakiwa ni kuondoa maneno machache katika ibara mbili tatu, kuongeza masharti ya namna mgombea binafsi atakavyopata wadhamini na atakavyosimamia fedha za kampeni, na kupata theluthi mbili ya wabunge. Hilo ni jambo la kuandikiwa muswada. Katika uamuzi wa fidia wa Juni 2014, mahakama iliagiza pia kwamba muhtasari wa hukumu utafsiriwe kwa Kiswahili kwa gharama ya Serikali, uchapishwe katika Gazeti la Serikali na mara moja katika gazeti la kitaifa linalosomwa na wengi, na hukumu yenyewe iwekwe kwenye tovuti ya Serikali kwa mwaka mzima. Ukiisoma amri hiyo utaona kwamba majaji walijua dalali wao ni nani. Hawakuwa na Canter, wakaita wasomaji. Waliona kwamba mtu anayesoma gazeti kituoni au kibarazani, akishajua katika lugha yake kwamba nchi yake imeambiwa ibadili ibara fulani, atamuuliza mbunge wake jambo hilo siku ya mkutano wa hadhara. Wangapi kati yetu wameuona muhtasari huo? Wangapi waliosomea sheria wamewahi kuuandika upya kwa Kiswahili cha kueleweka na kuupeleka kijijini? Hapo ndipo elimu yetu ilipokomea.

Sasa tuvuke hadi Burkina Faso. Oktoba 2012 mahakama moja ya Ouagadougou ilimfunga mwandishi Lohé Issa Konaté, mhariri wa gazeti la kila wiki la L'Ouragan, kwa miezi 12 kutokana na makala zilizomtuhumu mwendesha mashtaka wa Serikali. Gazeti lake likafungiwa miezi sita. Desemba 2014 mahakama ya Arusha iliamua kwamba kumfunga mtu jela kwa kosa la kashfa kunakiuka uhuru wa kujieleza ulio katika Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, na ikaiamuru Burkina Faso ibadili sheria yake. Mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa na kifungo kikaondolewa. Katika kesi nyingine, ya mwandishi Norbert Zongo aliyeuawa Desemba 1998, mahakama hiyo hiyo ilisema Machi 2014 kwamba Serikali haikuwatafuta wauaji kwa bidii inayostahili. Uchunguzi uliokuwa umefungwa miaka mingi ukafunguliwa upya, na familia zikalipwa fidia. Nchi ni maskini kuliko yetu, mahakama ni ile ile, Itifaki iliyoiunda ni ile ile. Tofauti ni kwamba mwishoni mwa Oktoba 2014 wananchi waliingia barabarani na Rais Blaise Compaoré akaondoka baada ya miaka 27 madarakani, na serikali ya mpito iliyofuata ilikuwa na kila sababu ya kuonyesha kwamba mambo yamebadilika.

Mpinzani makini atasema basi kilichofanya kazi ni siasa, sheria imepanda tu mgongoni. Sikatai kwamba siasa ndiyo iliyofungua mlango. Lakini milango ya namna hiyo hufunguka mara nyingi barani mwetu na hujifunga tena bila kitu kupita, kwa sababu siku hiyo hakuna aliye na karatasi iliyokwisha kuandikwa. Waandishi wa Burkina Faso waliipata mlango ukiwa bado wazi. Hukumu ilikuwa imeshataja kifungu kibaya ni kipi, ubaya wake ni upi, na nini kifanyike. Serikali ya mpito ilipotafuta jambo la kufanya, jambo lilikuwa mezani likisubiri. Nadhani hii ndiyo faida kubwa ya hukumu za kimataifa inayosahaulika darasani: zinahifadhi madai yakiwa safi na kamili mpaka hali ya hewa ya kisiasa ibadilike. Kwa kipimo hicho kesi ya Mtikila haijafa. Siku Tanzania itakapoketi tena kuandika Katiba, aya zile za 2013 zitakuwa na nguvu kuliko hotuba mia moja.

Jambo gumu zaidi ni pale hukumu inapohitaji ardhi na fedha, na hapo Kenya inatupa somo chungu. Oktoba 2009 Waogiek wa msitu wa Mau walipewa notisi ya siku 30 kuhama. Ni watu walioishi msituni humo vizazi kwa vizazi kwa kurina asali na kuwinda, wakaambiwa kwamba wao ndio wanaouharibu. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikaifikisha Kenya Arusha, na tarehe 26 Mei 2017 mahakama ikaamua kwamba haki zao za ardhi, dini, utamaduni, maliasili na maendeleo zimevunjwa, na kwamba uharibifu wa Mau hauwezi kutwikwa wao. Novemba mwaka huo Serikali iliunda kikosi kazi cha kuangalia namna ya kutekeleza. Tarehe 23 Juni 2022 ukaja uamuzi wa fidia: shilingi za Kenya 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa machungu waliyoyapata, pamoja na amri ya kupima ardhi yao, kuweka mipaka na kuwapa hati ya pamoja. Kisha, Novemba 2023, askari wa misitu waliingia Sasimwani, kaunti ya Narok, wakabomoa nyumba, na mamia ya Waogiek wakalala nje wakati wa mvua. Ilikuwa miaka sita na nusu baada ya ushindi wao.

Hukumu ya namna hii inapotelea ofisini. Wizara ya mambo ya nje huipokea kwa kuwa imetoka nje ya nchi. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu huihifadhi kwa kuwa ndiyo iliyosimama mahakamani. Ardhi iko chini ya wizara nyingine, msitu chini ya shirika jingine, kaunti ina sauti yake, na Hazina haitoi hata shilingi mpaka kiasi hicho kiwe kimeombwa katika kasma ya mtu fulani. Hizo milioni 157 na ushei ni za kasma ya nani? Kila ofisi ina jibu la kweli kwamba si yake. Kikosi kazi nacho kinaundwa, kinazunguka, kinaandika ripoti, na ripoti inaingia kabatini. Hapana shaka kuna nia mbaya mahali fulani, maana ardhi ya Mau ina thamani na wenye kuitamani wana majina makubwa. Lakini nia mbaya haihitaji hata kujitokeza hadharani wakati utaratibu wenyewe hauna mwenye dhamana. Mwanasheria aliyesomea haki za binadamu akajua vifungu vyote vya Mkataba wa Afrika, lakini hajui bajeti inaandaliwa mwezi gani wala ni kamati ipi ya Bunge inayokagua matumizi ya wizara ya ardhi, hana la kuwasaidia Waogiek baada ya siku ya hukumu.

Umoja wa Afrika nao umeacha pengo lake. Itifaki iliyounda mahakama, iliyopitishwa Ouagadougou mwaka 1998, inasema nchi zinajifunga kutii hukumu katika muda uliowekwa, na kwamba mawaziri wa nchi wanachama, kupitia Baraza la Utendaji, ndio watakaofuatilia utekelezaji. Mahakama yenyewe hupeleka ripoti kila mwaka ikiwataja wasiotii, na imelalamika mara nyingi kwamba wasiotii ni wengi kuliko wanaotii. Mawaziri wanaoketi kuipokea ripoti ndio hao hao wanaotajwa ndani yake, au ni majirani wanaojua kwamba mwakani itakuwa zamu yao. Ulaya kuna kamati ya mawaziri pia, lakini iko idara ya kudumu ya wataalamu inayofungua jalada la kila hukumu, na jalada hilo haliondoki kwenye ajenda hadi nchi ionyeshe kwamba fidia imelipwa na sheria imebadilika. Huko nako kuna hukumu zilizolala miaka mingi, sitaki kudanganya mtu. Ila tofauti ya kuwa na jalada lililo wazi na kutokuwa nalo ni kubwa kuliko inavyoonekana kwa mbali.

Kuna njia nyingine ya utekelezaji ambayo haihitaji kufika Arusha kabisa, nayo ndiyo ninayoipenda zaidi. Mwaka 1988 mama mmoja wa Kihaya aliuza shamba alilorithi kwa baba yake kwa wosia. Mnunuzi alitoka nje ya ukoo na bei ilikuwa shilingi 300,000. Mpwa wake akamshtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha na akashinda, kwa sababu mila za Kihaya, zilizokwisha kuandikwa katika tangazo la Serikali la 1963, zilimzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo huku zikimruhusu mwanamume. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu, Mwanza, mbele ya Jaji James Mwalusanya. Februari 1990 jaji huyo aliamua kwamba mila hiyo inapingana na Sura ya Haki iliyoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, na katika kueleza kwa nini, akategemea Tangazo la Dunia la Haki za Binadamu, Mkataba wa Kuondoa Ubaguzi dhidi ya Wanawake na Mkataba wa Afrika. Hakusubiri mtu kutoka Geneva. Aliichukua mikataba ambayo Tanzania yenyewe ilikuwa imeiridhia, akaisoma pamoja na Katiba, na mama yule akabaki na haki ya kuuza alichorithi. Wanafunzi wa sheria wa Afrika nzima bado wanaisoma hukumu hiyo. Kenya imekwenda mbali zaidi: Ibara ya 2 ya Katiba ya 2010 inasema mkataba wowote ulioridhiwa ni sehemu ya sheria za nchi, kwa hiyo hakimu yeyote anaweza kuutumia asubuhi ya leo.

Hapa wako watakaosema: kumbe mahakama za nyumbani zinatosha, hizi za nje za nini? Jibu liko katika Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971. Vifungu vya 13 na 17 vinamruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi, na hata wa miaka 14 kwa ruhusa ya mahakama, wakati mvulana anasubiri miaka 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alivipinga, Mahakama Kuu ikamuunga mkono mwaka 2016, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani, iliyo ya juu kabisa nchini, ikasema vinakiuka Katiba na kuipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Mwaka huo ulikwisha Oktoba 2020 bila sheria kubadilishwa. Hapo hapakuwa na jaji mgeni, wala fedha za wafadhili, wala utamaduni wa watu wengine. Ni mahakama yetu, Katiba yetu, mabinti zetu. Asemaye kwamba hukumu za Arusha hazitekelezwi kwa kuwa zimetoka nje anapaswa kueleza kwanza kwa nini hii iliyotoka ndani nayo ilikaa.

Hoja ya uhuru wa nchi inastahili kujibiwa kwa heshima, kwa sababu nchi zetu zinajua maana ya kutawaliwa. Lakini Mkataba wa Afrika hatukuletewa na mkoloni. Ulipitishwa Nairobi Juni 1981 na wakuu wa nchi za Kiafrika, na Tanzania iliuridhia mwaka 1984, Mwalimu Nyerere akiwa madarakani. Ibara ya 9 ya Katiba ya Tanzania inaitaka Serikali ihifadhi heshima ya binadamu kwa kufuata Tangazo la Dunia. Majaji wa Arusha ni Waafrika waliochaguliwa na nchi za Kiafrika. Nchi huru hutumia uhuru wake pia kwa kuahidi, kama mtu mzima anavyotumia utu uzima wake kutia sahihi mkataba wa pango. Ahadi ikishatolewa, kuitimiza hakumpunguzii mtu uhuru wake.

Hoja yenye mashiko zaidi ni hii: kwamba mahakama ile iligeuka kimbilio la majambazi. Ni kweli kwamba kesi nyingi kuliko za nchi nyingine zilikuwa dhidi ya Tanzania, na kwamba sehemu kubwa zililetwa na wafungwa wa mauaji na unyang'anyi wa kutumia silaha. Mwananchi aliyevamiwa nyumbani kwake usiku ana haki ya kukasirika akisikia hivyo. Lakini tuangalie walichoshinda. Mwaka 2015 mahakama ilitoa hukumu kwa mfungwa aliyepewa miaka 30: kesi yake ilikuwa imeendelea akiwa mgonjwa, utetezi wake haukusikilizwa, na hakuwa na wakili hata siku moja. Mahakama haikuamuru aachiwe papo hapo. Ilisema mtu anayekabiliwa na miaka 30 jela, asiye na uwezo wa kulipa, apewe wakili. Hukumu kama hizo zilifuatana, na mwaka 2017 Bunge likatunga Sheria ya Msaada wa Kisheria. Zilikuwepo sababu nyingine pia, na watetezi wa nyumbani walikuwa wameidai kwa miaka mingi. Ila anayesema hukumu zile zilitetea majambazi asisahau kwamba kijana asiye na hatia akikamatwa kimakosa usiku wa msako anakaa kizimba kile kile, na wakili anayemhitaji ni yule yule.

Kuhusu hoja kwamba mataifa makubwa nayo hayatii, nitasema kwa ufupi. Marekani ilikataa kutii hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki katika kesi ya Nicaragua mwaka 1986, na ni aibu. Lakini mnyonge hafaidiki kwa kumwiga mwenye nguvu. Nchi yenye jeshi kubwa na fedha nyingi inaweza kuishi bila sheria kwa muda mrefu kuliko sisi.

Kwa hiyo nirudi darasani. Tangu 1992 Kituo cha Haki za Binadamu cha Chuo Kikuu cha Pretoria kimekuwa kikiandaa mashindano ya kesi za mazoezi kwa vyuo vya Afrika nzima, na vijana wetu hushiriki na hung'ara. Wanavaa majoho, wanataja vifungu bila kutazama karatasi, wanakabiliana na majaji wa kweli. Hukumu inasomwa, kombe linatolewa, picha zinapigwa. Sioni ubaya wowote katika hilo. Ninachotamani ni siku ya pili ya mashindano: timu zile zile zipewe hukumu iliyotolewa na ziambiwe ziandike muswada wa kuitekeleza, zionyeshe fedha zitatoka kasma ipi, zimwandikie mwenyekiti wa kamati ya Bunge barua ya ukurasa mmoja, na ziandike muhtasari wa Kiswahili ambao muuza mkaa ataelewa. Tangu 2021 sheria ya Tanzania inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hiyo kisingizio cha lugha kimeondoka. Shahada ya haki za binadamu ambayo haimfundishi mtu kazi hizo ni sawa na kumfundisha fundi kuchora nyumba bila kumwonyesha saruji.

Na vyuo peke yake havitoshi. Bunge linaweza kutunga sheria fupi inayomtaka Mwanasheria Mkuu wa Serikali awasilishe mezani kila hukumu ya haki za binadamu dhidi ya nchi, ya ndani au ya nje, ndani ya siku 90, pamoja na maelezo ya nani atafanya nini na lini, au kwa nini Serikali inaona haiwezi. Sheria hiyo haimlazimishi mbunge kukubaliana na majaji. Inamlazimisha ajibu mbele ya watu. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye ripoti yake tunaisubiri kila mwaka, anaweza kuorodhesha fidia zilizoamriwa na mahakama ambazo hazijalipwa, kama anavyoorodhesha madeni mengine. Na wahariri wanaweza kuweka kwenye kalenda zao tarehe ambayo muda wa kutekeleza hukumu unakwisha, wakapiga simu wizarani siku hiyo. Hayo yote hayahitaji ruhusa ya Umoja wa Mataifa.

Yapo mawili yanayonitia wasiwasi zaidi, na yote yalitokea karibu wakati mmoja. Mwaka 2020 Tanzania ilirekebisha Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Msingi na Wajibu, ikamtaka anayefungua shauri la haki aape kwamba kitendo kilichomleta mahakamani kimemgusa yeye binafsi. Kwa kipimo hicho shauri la kumtetea binti wa kijijini asiyejua njia ya mahakamani likawa gumu kufunguliwa na mtu mwingine kwa niaba yake. Na tarehe 21 Novemba 2019 Serikali ilikuwa imetoa taarifa ya kuondoa tamko lake chini ya Ibara ya 34(6) ya Itifaki, lile lililowaruhusu wananchi na asasi kwenda Arusha moja kwa moja, ikieleza kwamba tamko hilo lilitumika kinyume na masharti iliyoyaweka. Wiki moja baadaye, tarehe 28, mahakama iliamua kwamba adhabu ya kifo ya lazima iliyo katika Kanuni ya Adhabu inakiuka haki ya kuishi, kwa sababu inamnyima jaji nafasi ya kupima mazingira ya kila mshtakiwa. Uamuzi huo bado unaibana Tanzania, kama zilivyo hukumu zote zilizotangulia. Rwanda, Benin na Ivory Coast nazo zimeondoa matamko yao. Tangu tarehe 22 Novemba 2020 Mtanzania anaweza kupita kila siku mbele ya mahakama hiyo mjini Arusha, nchini kwake, na asiwe na ruhusa ya kuwasilisha shauri jipya.

Tamko lile liliwekwa mwaka 2010. Ni waraka mfupi wenye sahihi ya waziri mmoja, na hakuna kifungu cha Itifaki kinachozuia kuwekwa tena. Naiomba Serikali iuandike upya, na iambatanishe humo tarehe ya kupeleka Bungeni muswada wa mgombea binafsi.